Shemlaki, Nena, Tusikie

Ukimsikia Yusta Shemlaki akisalimia, utadhani anagomba. Si hasira, ni mashine. Miaka yote hii amesimama kando ya kinu cha kusaga na kukoboa pale Kwamndolwa, mjini Korogwe, na anayeishi na injini hujifunza kusema kwa kuipita. Hata jioni ikizimwa, yeye huendelea kupaza sauti kana kwamba bado inanguruma mahali fulani nyuma ya sikio lake. Kanisani akisema "Amina", vichanga huamka. Mtaani wanamwita Mama Mashine, naye huitika, tena kwa sauti hiyo hiyo.

Alizaliwa kambini, upande wa Kerenge, katika nyumba za mstari walizojengewa wakata mkonge. Babu yake alikuwa Mha wa Kigoma aliyekuja kwa mkataba enzi za manamba. Mkataba ukaisha, yeye akabaki. Baba yake naye alikata mkonge mpaka shamba lenyewe likachoka, mitambo ikanyamaza, na mikonge isiyokatwa ikasimamisha milingoti yake juu, kama watu walioitwa majina wakanyoosha mikono. Yusta akaolewa na Yordani, fundi wa mitambo hiyo, ambaye kazi ilipokwisha alinunua injini kuukuu, akaifufua, akaiunganisha na kinu.

Yordani alipofariki, binti yao Rosa alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Ndugu walikaa wakisubiri mjane atangaze kuuza. Yeye akavaa koti la marehemu, akashika hendeli, akazungusha mpaka moshi ukatoka. Siku hiyo ndipo alipojua kwamba machozi yakikutana na unga usoni huwa uji. Akacheka peke yake, akaendelea kusaga. Kwa unga huo Rosa amesoma, na leo ni mwalimu wa sekondari Kwashemshi, huko mlimani.

Jina la Shemlaki halikuwahi kumsumbua. Huku kwetu jina linaloanza na She ni kama mwarobaini uani: nani atauliza ulitoka wapi? Wasambaa wana She zao, Wazigua wana She zao, na kila She ni ukoo wenye wazee na makaburi. Kwamba Mha wa Kigoma naye ana jina la namna hiyo, nyumbani kwao lilielezwa kwa kifupi: babu alifika hana ndugu, wenyeji wakampokea, wakampa jina. Basi. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja.

Haja ilikuja ndani ya kirikuu.

Ulikuwa msimu wa mavuno, foleni ya ndoo na magunia imefika barabarani. Kirikuu, kigari cheupe cha mizigo, kikasimama, kimebeba mahindi kutoka Handeni, akashuka mwanamume mrefu mwenye mvi za pembeni. Yusta alikuwa na kalamu nene mkononi, ya kuandika majina kwenye magunia.

"Jina?" alipaza.

Mgeni akasema kitu. Midomo ilicheza, sauti haikufika.

"Sikusikii!"

Akasema tena, vilevile, kama mtu anayeliambia gunia siri. Yusta akafanya jambo ambalo foleni haikuwahi kuliona saa za kazi. Alizima mashine. Ukimya ukaanguka juu ya Kwamndolwa, mpaka kuku wakashtuka.

"Shemlaki," alisema yule bwana.

"Shemlaki ni mimi. Nakuuliza wewe."

"Na mimi."

Foleni ikaangua kicheko. Yusta naye akacheka, akampiga bega kwa mkono wenye unga. "Basi wewe ndugu yangu! Karibu nyumbani!"

Alilisema kwa mzaha, na neno hilo ndilo lililokuja kumponza.

Matayo, ndilo jina lake la kwanza, alikuwa mgane mwenye watoto wakubwa, mnunuzi wa mahindi, mtaratibu kama mtu anayebeba mayai. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kila alipokuja, Yusta alizima mashine ili amsikie. Walizungumza juu ya mvua, juu ya bei, juu ya Yordani na juu ya marehemu mke wa Matayo, na kwa kuwa mmoja aliongea kwa kunong'ona na mwingine kwa kupaza, foleni nzima ilijua upande mmoja tu wa mazungumzo.

"Mama Mashine," Mwinjuma fundi viatu alilalamika, amekalia ndoo yake, "mahindi yangu yataota humu! Mwoane basi, tusage!"

"Funga mdomo, Mwinjuma!"

Lakini Mwinjuma alikuwa amesema lililokuwa moyoni. Mwisho wa msimu Matayo alisimama karibu sana, akasema maneno ambayo foleni haikuyasikia. Ilisikia jibu tu.

"NDIYO!" alisema Yusta. Watu wakapiga makofi bila kuuliza swali lilikuwa nini.

Yakabaki mambo ya wazee. Wa Yusta walikwishalala udongoni. Wa Matayo alikuwa mmoja, Mzee Sufiani bin Mbaruku Shemlaki wa Handeni, kaka wa marehemu baba yake. Sufiani ni Mwislamu wa swala tano. Matayo alilelewa Kikristo na mama yake. Katika familia hiyo msikiti na kanisa hugawana watoto bila ugomvi, kwa hiyo dini haikuwa tatizo. Walikwenda na kirikuu, Yusta amevaa kitenge kipya, ameshika kilo za sukari kwenye mapaja.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba." Mzee alitega sikio. "Wa nani wewe, mwanangu?"

"Yusta Shemlaki, mzee. Wa Korogwe."

Mzee Sufiani akakiweka kikombe cha kahawa chini, polepole.

"Matayo. Umeniletea mke, au umeniletea dada yako?"

Yusta akacheka. Mzee hakucheka.

"Si ndugu, baba mkubwa," alinong'ona Matayo. "Yeye asili yao Kigoma."

"Kigoma! Na jina la Kizigua babu yake aliliokota wapi, kwenye reli?"

"Alipewa na wenyeji, mzee," alisema Yusta.

"Umesema mwenyewe. Alipewa. Jina la ukoo, mwanangu, halitolewi kama maji ya kunywa. Mgeni anachanjiwa. Damu yake inaingia kwetu, yetu inaingia kwake, na waliochanjiana ni ndugu wao, wana wao na wajukuu wao. Hawaoani." Kisha akauliza kwa upole, maana hakuwa mtu mkali: "Kwenu mlikuwa na wimbo?"

"Wimbo gani?"

Mzee akafumba macho, akaimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, kama ya mtu mdogo zaidi.

*Shemlaki, nena, tusikie,*
*Jua li utosini, nena;*
*Mafungu tumefunga, kipande tumemaliza,*
*Shemlaki, nena, twende nyumbani.*

Alipofika neno la pili, midomo ya Yusta ilikuwa imeshaanza kucheza. Bibi yake alimbembeleza kwa wimbo huo kambini. Mwanzo wake tu, kisha mluzi. Yeye mwenyewe alimlaza Rosa kwa mwanzo huo huo. Kabla hajajizuia, alikuwa ameitikia: "Nena, tusikie..."

Mzee akafumbua macho.

"Basi," alisema, na hakuwa na furaha ya ushindi. "Baba yangu alikufa mimi nina meno ya utotoni. Hakuniachia ng'ombe. Aliniachia jina na wimbo. Shemlaki wa kwanza alikuwa kiongozi, aliwapeleka watu vitani wakatwaa kipande cha nchi hii, wakamwomba atoe neno warudi nyumbani. Ndio maana yake. Mtu baki hawezi kuujua wimbo huu. Wewe ni wa kwetu, mwanangu. Nakupokea kwa mikono miwili. Ila kwa ndoa, hapana."

Katika wimbo ule kulikuwa na neno ambalo Yusta, mtoto wa kambini, angelinasa siku nyingine yoyote. Siku hiyo masikio yake yalikuwa yamejaa.

Njiani kurudi, kwa mara ya kwanza Matayo ndiye aliyekuwa na la kusema. "Sitaki kukuita dada."

"Usiniite chochote. Endesha."

Wiki hiyo Mama Mashine alisaga kimya, na kimya chake kiliwatisha wateja kuliko makelele. Mwinjuma alimletea ndizi. Mwingine akamletea dawa ya mafua. Rosa aliposhuka kutoka Kwashemshi Jumamosi, alimkuta mama yake ameketi juu ya gunia, amejikunja kama gunia la pili.

"Ningekuwa simpendi ingekuwa rahisi," alisema Yusta. "Ningempata kaka tu, tena mwenye gari."

Rosa alicheka, halafu akaacha, akafikiri. Anafundisha jiografia; ana tabia ya kuuliza vitu viko wapi.

"Mama, She wa kweli wametapakaa. Darasani kwangu ninao, Lushoto wapo, Muheza wapo, Kilindi wapo, Dar wanauza simu. Shemlaki wako wapi?"

"Korogwe."

"Na wapi?"

"Handeni."

"Na wapi?"

Yusta akatafuta kichwani. "Na makaburini."

"Ukoo gani wa kale, ulioongoza watu vitani, unakaa sehemu mbili tu, zote jirani na mashamba ya mkonge?"

Swali zuri huvuta kumbukumbu kama kamba inavyovuta ndoo, na baada ya muda Yusta akasema: "Babu yangu hakuwa anasema Shemlaki. Alikuwa anasema Shemraki. Tulimcheka, tukadhani ni ulimi wa Kigoma."

"Na kama yeye ndiye aliyelisema sawasawa? Wazigua wakalainisha r, ikawa l?"

Alasiri nzima Rosa aliinamia simu, akiliandika jina hivi na vile, mpaka simu yenyewe ikamrudishia jina lililofanana, limeandikwa kwa herufi zilizosongamana kama mbuzi mlangoni mwa zizi: Szemrak. Kulikuwa na ramani. Karibu dunia yote ilikuwa nyeupe. Doa moja dogo la rangi lilikuwa Poland, mashariki, kando ya mto. Na kulikuwa na mzee mmoja wa huko aliyekuwa akikusanya habari za jina hilo, ameweka picha ya mzungu mwembamba aliyevaa kaptula na kofia pana, amesimama mbele ya mistari ya mimea yenye majani kama mapanga. Chini pameandikwa neno moja tu walilolijua. Korogwe.

"Mama," alisema Rosa. "Njoo uone babu yako mwingine."

Rosa alimwandikia yule mzee wa Poland, naye akakubali kupigiwa simu. Mzee Sufiani alikubali kuwapokea tena kwa sababu moja: alitaka kumwona mzungu anayejiita Shemlaki. "Mpuuzi huyo," alisema, huku amevaa kanzu safi.

Waliegemeza simu kwenye kopo la sukari, barazani. Rosa alikuwa mkalimani, kwa Kiingereza. Kwenye kioo akatokea mzee mwenye masharubu meupe, nyuma yake mizinga ya nyuki. Akasema kitu.

"HATUSIKII!" alipaza Yusta.

Yule mzee akaruka kitini.

"Anasema anaitwa Kazimierz," alisema Rosa.

"Kazi nani?"

"Kazimierz, mama."

"Basi Bwana Kazi. Mwambie Bwana Kazi aseme kwa nguvu, huku ni mbali."

Bwana Kazi alijitahidi, ila sauti yake ilikuwa ya kunong'ona kwa kuzaliwa. Yusta akamtazama Matayo, akamtazama mtu wa kwenye simu, akaguna.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mtu wa kwenye picha alikuwa kaka wa babu yake Bwana Kazi. Vita vya Hitla vilimfukuza kwao pamoja na maelfu ya Wapolandi, wakapitia nchi za barafu, wakapitia Uajemi, wakaletwa Tanganyika, kambini Tengeru karibu na Arusha. Njiani alishikwa na homa iliyomwachia nusu ya sauti. Vita vilipokwisha wenzake walitawanyika, yeye akapata kazi ya kusimamia wakata mkonge Korogwe. Uzeeni alirudi kufia kwao.

"Na jina?" aliuliza Matayo. "Lina maana gani?"

Rosa aliuliza, akasikiliza, akaanza kutabasamu. "Kwa lugha yao ni kunong'ona. Kama kijito kinavyopita juu ya mawe. Mnong'onaji, kama tungesema sisi."

"Mnong'onaji?" alisema Yusta. "MIMI?"

Matayo alicheka. Hakuna aliyewahi kumsikia Matayo akicheka kwa sauti. Mbuzi wa jirani waliinua vichwa. Hata Bwana Kazi huko kwake alicheka bila kujua kicheko ni cha nini. Mzee Sufiani peke yake hakucheka. Alikuwa akiliangalia kopo la sukari kama linalomdai.

"Jina ni bahati tu," alisema. "Majina hufanana. Wimbo je?"

Rosa alitafsiri neno lile, wimbo. Bwana Kazi akainua kidole. Akasema kwamba babu yao huyo aliwafundisha watoto wa nyumbani wimbo wa Afrika; yeye hajui maana yake. Akakohoa. Na kutoka kule kando ya mto, kwa ulimi uliovunja kila neno likabaki mifupa tu, ukaja:

*Shemrak, nena, tusikie...*

Mzee Sufiani alishika ukingo wa kiti. Bwana Kazi aliendelea, jua la utosini likawa kitu kingine, mafungu yakawa mafungo, lakini sauti ilikuwa ile ile, inapanda palepale, inashuka palepale. Mstari wa tatu, mzee alianza kumfuata, chini kwa chini. Wakaumaliza pamoja, wazee wawili na kopo la sukari katikati.

"Muulize," alisema Sufiani, "aliutoa wapi."

Rosa aliuliza. "Anasema lilikuwa genge lake la wakataji, watu wa kila kabila. Kila mchana yeye ndiye aliyetangaza kazi imekwisha, na kwa sauti yake ile hakuna aliyemsikia. Wakabaki wamesimama juani. Basi mmoja wao akamtungia wimbo wa kumtania."

"Kipande!" Yusta alisimama kiti kikaanguka. "Mzee! Kipande tumemaliza! Si kipande cha nchi! Kambini kipande ni kazi ya siku: unakata majani, unafunga mafungu, ukimaliza kipande chako unakwenda nyumbani. Hao si watu wa vita. Ni watu wenye njaa!"

Na maneno yakamtoka kama mahindi kwenye gunia lililochanika: kwamba magenge yaliitwa kwa majina ya wasimamizi, baba yake alimsimulia, kwamba mtu akiulizwa wewe wa nani alijibu wa Shemraki, na karani akaandika hivyo, Mha akawa Shemraki, Mzigua akawa Shemlaki, na watoto wakarithi.

Kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu alimwona mzee. Sufiani alikuwa amekaa na mikono mapajani, mitupu. Jina na wimbo ndivyo alivyoachiwa, na sasa jina lilikuwa la mzungu na wimbo ulikuwa wa njaa.

"Nisamehe, baba," alisema Yusta, kwa sauti ambayo Rosa hakuwahi kuisikia kwake.

Mzee akampungia mkono. "Muulize jambo moja tu. Huyo aliyetunga. Babu yao alimkumbuka?"

Swali likaenda, jibu likachukua muda kurudi.

"Anasema alimkumbuka sana. Alikuwa mtu wa Handeni, mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele, mchekeshaji. Walimwita Mbaruku."

Kisha mabega ya Mzee Sufiani yakaanza kutikisika, na wote wakadhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alikuwa anacheka pia, na lenyewe pengo lilionekana, maana naye analo.

"Baba yangu," alisema. "Baba yangu alimtania mzungu mbele ya watu wote, enzi zile za wazungu! Na mzungu badala ya kukasirika akaubeba wimbo mpaka kwao! Mnasikia? Mbaruku anaimbwa Ulaya!"

Alipotulia alijipangusa kwa pembe ya kanzu. Bwana Kazi alitaka kujua wako wangapi huku. Kwao, alisema, wamebaki wachache sana, kijiji kimoja, na yeye ana mabinti watupu. Alidhani jina linakufa. Mzee Sufiani alianza kuhesabu wajukuu kwa vidole, vidole vikaisha, akaacha.

"Mwambie huku tupo wa kujaza basi na wengine kusimama. Mwambie asihuzunike. Na hatulirudishi, jina likishazaa halirudishwi." Kisha akamgeukia mwanawe. "Matayo. Huyu si dada yako. Genge moja si tumbo moja. Chukua mke wako, anatuamshia mbuzi."

Walifunga ndoa Korogwe, mvua za vuli zimetangulia siku hiyo kuosha vumbi. Foleni yote ya mashine ilikuwepo, Mwinjuma mbele kwa viatu vinavyong'aa. Mzee Sufiani alisimama mlangoni, kofia kichwani, karibu na Rosa aliyeinua simu ili Bwana Kazi aone. Padre alitangaza Matayo Shemlaki na Yusta Shemlaki, akatulia, akatazama tena, na kanisa likacheka kabla yake.

Matayo aliulizwa. Akajibu kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. Alikuwa ameifanyia mazoezi shambani.

Yusta akaulizwa. Midomo ilicheza. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, ikatoka pumzi tupu, kama kijito juu ya mawe. Mama Mashine, kwa siku hiyo moja, alikuwa amelistahili jina lake la Shemlaki.

"Sauti kidogo, mama," padre alisema kwa upole.

Ndipo kutoka mlangoni, nyembamba na safi, ukaja wimbo:

"Shemlaki, nena, tusikie..."

Yusta aligeuka, akamwona mzee mwenye pengo, akacheka, akavuta pumzi ya mtu anayezungusha hendeli.

"NDIYO!"

Kichanga kikaamka viti vya nyuma, kikalia. Na huko Poland, Rosa anasema, Bwana Kazi alilisikia vizuri kabisa.